Luhende Hakuwa Profesa

Wajukuu zangu mnaosoma pale chuoni, nawasalimu. Nimeambiwa mkiulizana kipindi kiko wapi mnajibu, "Luhende juu," au "Luhende chini." Hivi karibuni kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alinikuta nimekaa nje ya jengo hilo napumzisha magoti. Akanipa shikamoo yake vizuri, nikamwitikia marahaba, halafu akaniuliza, "Babu, hivi Profesa Luhende alikuwa anafundisha somo gani?"

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Luhende hakuwa profesa. Darasani aliingia kupiga lipu, akimaliza anatoka. Karatasi yoyote akiletewa alitia dole gumba, na dole lenyewe lilikuwa limeliwa na saruji kiasi kwamba karani alikuwa akilalamika hapati alama. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa Kishapu, mkali, mvuta ugoro, na hakuna mtu niliyemuona anaimba vibaya kama yeye.

Mimi ndiye niliyekuwa foromani pale saiti miaka ya sabini, wakati chuo chenu hakijawa chuo kikuu na mahali penyewe palikuwa vichaka na njia za ng'ombe. Nawaandikia kwa sababu jengo hilo lilikaribia kupewa jina langu. Na kwa sababu kuna kosa nililolifanya mimi, akalibeba Luhende, nami nikanyamaza miaka mingi kuliko umri wa wazazi wenu. Kunyamaza kule kumeninyima raha, nanyi mna haki ya kujua mnakanyaga nini mnapokwenda kipindi.

Nilimjuaje? Nilitoka kwetu Ushirombo, kwa Wasumbwa, na cheti cha ufundi na kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Nikapangiwa kusimamia mafundi walioanza kujenga kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nikawaonyesha cheti. Luhende akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akakigeuza mbele na nyuma, akasema, "Karatasi hii ni nzuri sana, Msumbwa. Ifunikie saruji isinyeshewe." Saiti nzima ikacheka, na mimi nikalazimika kucheka.

Wiki hiyohiyo akanifundisha mpira wa maji. Ninyi mna vyombo vya kurusha mwanga mwekundu ukutani, nami nimeviona, sina neno la kuvidharau, vinafanya kwa dakika kazi iliyotuchukua asubuhi nzima. Sisi tulikuwa na mpira mrefu unaoonyesha ndani, unajazwa maji, mmoja anashika ncha huku na mwingine ncha kule. Maji yakitulia pande zote mbili, hapo ndipo usawa ulipo. Nikaujaza upesi, nikapima stoo ndogo ya vifaa, mafundi wakajenga. Ukuta ulipofika dirishani ulikuwa umeinama upande mmoja hata kipofu angeuona. Luhende akaniita, akanionyesha ndani ya mpira povu dogo la hewa, dogo kama punje ya mtama.

"Unaliona?"

"Naliona, mzee."

"Mpira wenye hewa ni muongo. Na muongo mbaya ni yule anayesema karibu na ukweli. Bomoa."

Nikabomoa mwenyewe, kwa mikono hii, huku vibarua wananitazama. Tangu siku hiyo sijapima kitu bila kuunyosha kwanza mpira na kuutoa hewa. Alinifundisha pia kulowesha matofali kabla ya kuyajenga, maana tofali kavu linanyonya maji ya udongo na kuuacha mkavu kabla haujashika. Mchanga alinifundisha kuufikicha kiganjani. Ukibaki weusi mkononi, rudisha lori. Na alinifundisha kunyamaza fundi anapopiga kamba, jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko yote.

Sasa nije kwenye shimo.

Ramani ya jengo ilitoka makao makuu. Ramani hiyohiyo ilitumika mikoa mingine, penye mchanga na penye miamba, na ilisema msingi uchimbwe kina cha kufika mtu kiunoni. Aliyeichora hakuwa ameona udongo wetu mweusi wa mbuga. Udongo huu wakati wa kiangazi unapasuka, unaweza kudumbukiza mkono mpaka kwapani. Mvua ikinyesha unavimba, unasukuma, unanyanyua. Luhende aliniambia mapema kwamba kina kile hakitoshi. Nikamjibu kwamba ramani ni ramani. Nilikuwa bado na kalamu mbili.

Mvua zilikuwa zinakaribia na vibarua walikuwa wachache. Wananchi wa pande mbili za eneo lile wakajitolea kuja kuchimba, kila upande na kundi lake la bugobogobo. Kama hujawahi kuwaona, hawa ni wakulima wanaolima kwa ngoma. Wanapanga mstari, ngoma inalia, manju anaimba, majembe yanarushwa juu, yanadakwa, yanashuka ardhini kwa pamoja. Nikawapa wa mashariki waanzie mashariki, wa magharibi waanzie magharibi, wakutane katikati. Tukachinja fahali kama ilivyo desturi. Halafu mimi, kwa kujiona mjanja, nikataka kuwatia moyo. Nikapanda juu ya rundo la kokoto nikasema kwa sauti:

"Leo nataka nione ni ngoma ya nani itakayonyamaza kwanza!"

Wakashangilia sana. Mimi nikapanda lori kwenda stesheni ya reli kupokea saruji, nikidhani nimesema neno la kuchekesha tu. Luhende siku hizo alikuwa kwao Kishapu, amefiwa na shemeji yake.

Saruji ilichelewa, na lori nalo likavunjika springi. Nilirudi siku ya tatu. Nikiwa mbali bado nikasikia ngoma, nikafurahi. Nikakaribia, nikaona vumbi na wapiga ngoma wawili, mmoja kila upande, macho yamewavimba. Wachimbaji sikuwaona. Nikasogea mpaka ukingoni nikachungulia. Walikuwa chini, wanaume watu wazima, na vichwa vyao vilikuwa vimezama kabisa ardhini. Majembe tu ndiyo yaliyokuwa yanaibuka.

Urefu waliumaliza siku ya kwanza, wakakutana katikati kama nilivyotaka. Ila hakuna kundi lililokubali kunyamazisha ngoma yake kwanza. Basi wakaenda chini. Wake zao walikuwa wakiwaletea uji na kuwabembeleza waache, nao wanajibu, "Wale wakinyamaza, na sisi tutanyamaza." Kijiti changu cha kupimia kina nilikikuta kando, wamekianikia mashati.

Nikapiga kelele, "Jamani, basi! Imetosha!"

Manju wa mashariki akaniangalia toka chini, jasho na tope usoni. "Waambie wale kwanza," akasema.

Ilibidi niwaombe wapigaji wote wawili wainue mikono kwa hesabu ya tatu, kwa pamoja, ndipo kukawa kimya. Na kimya hicho hakikudumu. Habari zilikuwa zimefika Maganzo kwa watafuta almasi kwamba chuo kinachimba shimo refu mchana kutwa na hakisemi kinatafuta nini. Kesho yake asubuhi wakaja watu na machekeche yao, wakaniomba kwa adabu zote wachekeche udongo uliotolewa. "Mkuu, sisi hatutasema kwa mtu," wakaninong'oneza. Nikawaruhusu. Wakachekecha siku nzima, wakaondoka wakiamini almasi nimezificha mimi.

Lakini mimi sikuwa na la kucheka. Shimo lile lilihitaji zege mara tatu ya ile iliyopangwa, na saruji miaka hiyo ilitafutwa kama dawa. Injinia alikuwa njiani kuja kukagua. Mke wangu, ambaye leo mnamwita Bibi na wenzetu wanamwita Mama Emanueli, alikuwa na mimba ya huyo Emanueli. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kazi. Nikifukuzwa, tunatoka na godoro.

Luhende alirudi kutoka msibani siku moja kabla ya injinia. Hakunisalimu hata mwangaluka. Akashuka ndani ya mtaro kwa ngazi, akakaa huko muda mrefu. Nikamsikia anagonga kwa nyundo, tena na tena. Alipopanda juu alikuwa ameshika kipande cha changarawe nyeupe, ngumu.

"Wamefika," akasema. "Wamepita mbuga yote wamefika kwenye gumu. Wajinga hawa wamefanya nilichokuwa nakuomba."

"Mzee, nitafukuzwa."

Akavuta ugoro, akapiga chafya, akaenda kulala.

Injinia alikuja, akatazama, uso ukambadilika. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, ila alikuwa na ramani moja na saruji kidogo, na wakubwa wake walikuwa na haraka. Akasema udongo urudishwe, ushindiliwe mpaka usawa wa ramani, zege imwagwe, kazi iendelee. Halafu akageuka akatutazama sote.

"Nani aliamuru kuchimba hivi?"

Wajukuu zangu, swali lile lilikuwa langu. Nilifungua mdomo. Ulimi ukanikauka, nikamuona Mama Emanueli na tumbo lake, nikaliona godoro. Na wakati mimi bado nautafuta ulimi wangu, Luhende akasogea mbele.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Fundi. Udongo huu ukinywa maji unavimba. Nimewaambia waende mpaka kwenye gumu."

"Kwa ruhusa ya nani? Ramani unaisoma?"

"Ramani siisomi. Udongo nausoma."

Jibu hilo ndilo lililommaliza. Injinia akasema aondoke saiti siku hiyohiyo. Luhende akaitikia vizuri, kisha akauliza jambo moja: shimo likijazwa mawe badala ya udongo, bila kutumia saruji ya serikali hata koleo moja, injinia atakataa? Injinia akafikiri. Akasema atarudi baada ya wiki mbili. Akikuta mawe, sawa. Akikuta shimo, udongo utarudi.

Gari lake lilipoondoka nikamfuata Luhende alipokuwa anafunga mwiko na timazi yake kwenye gunia. Nilikuwa nalia, sioni haya kuwaambia. Nikasema nitamkimbilia injinia nimwambie ukweli.

"Bebe, wewe, kaa hapo," akasema. "Wewe ukifukuzwa watakuja na foromani mwingine. Huyo atatii, atarudisha udongo, jengo litapasuka mvua ya pili. Nani atalinda mawe yangu? Kaa. Mimi nina shamba. Mwenye shamba hafukuzwi, anarudi kwao."

"Na mimi nitasema lini?"

"Mawe kwanza."

Kisha mtu huyo aliyefukuzwa hakwenda kwao. Alikwenda kwa manju wa mashariki akamwambia wa magharibi wanajisifu kwamba ngoma yao ndiyo iliyobaki. Akaenda kwa wa magharibi akawaambia hivyohivyo juu ya wa mashariki. Asubuhi iliyofuata mikokoteni ya ng'ombe ilianza kuteremka kutoka kwenye vilima vya mawe, mistari miwili, ngoma mbili. Ubishi uliolichimba shimo ndio uliolijaza.

Luhende alishinda ndani ya mtaro siku zote hizo, hana kazi, hana ujira, anapanga. Nilishuka naye, na huko ndiko nilikojifunza ufundi kweli. Jiwe lina uso na lina mgongo, alikuwa akisema, liweke kama lilivyokuwa limelala lenyewe mlimani. Makubwa chini, madogo yajaze mapengo, na yale madogo yagongwe kwa nyundo mpaka yakatae. Halafu unapanda juu yake unaruka. Jiwe likitoa sauti, litoe, panga upya. Nilirudia jiwe moja mara tano. Mara ya sita likanyamaza, naye akaanza kuimba, nikatamani liendelee kulia.

Injinia aliporudi alikuta mtaro umejaa mawe mpaka usawa wa ramani. Akapanda, akaruka, akaruka tena. Akanishika mkono mbele ya watu wote, akasema, "Kijana, umeliokoa jengo." Luhende alikuwa ameshaondoka na gunia lake alfajiri ya siku hiyo. Hapo mawe yalikuwa yameshawekwa, hakuna ambaye angeyatoa. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Asante, mkuu."

Neno hilo limenifanyia kazi nzuri sana maishani. Kwa sababu yake nilipandishwa cheo, nikapelekwa Geita, nikajenga nyumba za watumishi, baadaye zahanati kwetu Ushirombo, na shule karibu na Bugarama. Watoto wangu wamesoma kwa neno hilo. Kila nilipowasimulia vijana wa kazi kuhusu msingi wa mawe, nilisema "tulifanya", nikijificha ndani ya hiyo "tu" yangu kama mwizi sokoni.

Miaka ya themanini nilikwenda kumtafuta kwake Kishapu. Nilimkuta anapalilia pamba, amekonda, ugoro uleule. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwomba radhi. Akanikaribisha, mkewe akaleta michembe ya viazi vikavu na karanga, tukala. Nikaanza, "Mzee, ile siku ya injinia..." Akanikatiza.

"Limepasuka?"

"Halijapasuka, mzee. Hata ufa wa unywele hakuna."

"Pembe ya kaskazini umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Basi," akasema, akanisogezea karanga. Alifurahi kweli, jioni yote akawa anaimba, majirani wakavumilia. Mimi nikaondoka na radhi yangu bado iko mdomoni. Miaka michache baadaye nikasikia amefariki, na mazishini sikuwahi.

Sasa sikilizeni jinsi jina lilivyopatikana. Chuo kilipokua kikataka kuliongezea jengo lile la zamani ghorofa, na vioo mnavyojitazamia mkipita, walimleta injinia kijana, binti mmoja mwenye akili na mwepesi wa kucheka. Akachimba pembeni kukagua msingi. Akafika kiunoni, pale ramani inaposema mwisho, akakuta unaendelea. Akachimba tena, mawe yanaendelea. Akanitafuta mpaka nyumbani, maana kwenye mafaili ya zamani jina lililoandikwa ni langu.

"Babu," akasema, "chini kuna kazi ambayo haipo kwenye ramani. Ghorofa litakaa bila wasiwasi. Wakubwa wamesema jengo lipewe jina lako. Tunahitaji tu uandike historia fupi na uweke saini."

Alipoondoka nilikaa na ile karatasi. Sitawadanganya, nilifurahi. Nikamwita Mama Emanueli nikamsomea: jengo la ghorofa, la chuo kikuu, jina langu mlangoni. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Lako?" akauliza.

Neno moja tu. Tumeishi pamoja miaka hamsini na ushee, na sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na neno hilo. Nikachukua kalamu. Nikaandika yote, fahali, kelele zangu juu ya kokoto, ngoma, swali la injinia, na nani alijibu. Mahali pa jina nikaandika Luhende.

Siku ya kulizindua walinipa nafasi ya kusema. Walikuwepo wengi, majoho na suti, na mbele walikuwa wamekaa watu wa Luhende waliotoka Kishapu kwa basi la kukodi. Sikusoma karatasi. Nilisema: "Aliyeamuru kuchimba ni mimi. Nilikosea, nikaogopa, mzee huyu akafukuzwa badala yangu, nami nikapokea sifa zake." Nilifikiri wanangu wataona aibu, nilifikiri watu wa Kishapu watasimama watoke. Nikateremka jukwaani nimeshika ukuta.

Binti yake mkubwa, Mama Shija, mwanamke mtu mzima mwenye mvi, akainuka akanifuata. Nikainamisha kichwa nisubiri maneno. Akapiga goti kidogo, kama wanavyoamkia wakubwa kwao, akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nisameheni. Hamkujua."

"Tulijua," akasema. "Baba alitusimulia siku ileile aliyorudi na gunia. Akasema wewe si mtu mbaya, ni mtu mwenye hofu, na hofu huisha. Akatukataza kukuuliza. Akasema siku utakayosema mwenyewe, tuje tukushukuru. Wabeja, baba. Tumekuja."

Nikalia mbele ya watu wote, mzee mzima, mpaka Mama Emanueli akaja kunishika.